Aliyesema Amechoka

Katika kampuni ile rubani aliruhusiwa kuugua kiungo chochote cha mwili, lakini hakuruhusiwa kuchoka. Kitabu cha kanuni kilisema vingine. Ukurasa wa arobaini na moja ulimwamuru rubani aliyechoka asirushe ndege, amwambie hivyo mpangaji wa zamu, na asiadhibiwe kwa kusema. Ukurasa huo ulikuwa safi kuliko kurasa zote za kitabu, kwa kuwa haukuwa umeguswa na kidole cha mtu kwa miaka miwili. Marubani waliolemewa na zamu walipiga simu wakasema tumbo. Mtu ambaye angezisoma fomu za ruhusa bila kuijua kampuni angedhani jiko la wafanyakazi lina sumu.

Kwa hiyo rubani msaidizi mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja ambaye wenzake walimwita Bi Kanuni, alipopiga simu saa sita mchana na kusema, "Nimechoka, leo siwezi kurusha," mpangaji wa zamu hakujua aliweke wapi neno hilo. Akalitafutia maana aliyoizoea. Akaandika: *Rubani amechoshwa na kazi, amekataa zamu.*

Kesho yake asubuhi Bi Kanuni aliitwa na Rubani Mkuu, msimamizi wa marubani wote. Rubani Mkuu alikuwa na miezi mitatu katika kiti hicho. Alikuwa pia mchumba wake, na harusi ilikuwa imebakiza wiki sita.

"Karibu, Rubani," alisema, akasimama. "Mlango uache wazi, tafadhali."

"Najua, Mkuu."

Mlango uliachwa wazi kiasi cha shubiri moja, kwa agizo la maandishi lililotolewa siku uchumba wao ulipojulikana. Nje ya shubiri hiyo aliketi katibu muhtasi, mama mtu mzima aliyepiga chapa kwa kasi ya kusifiwa, ila vidole vyake vilipatwa na ganzi kila sauti za ndani ziliposhuka.

Walikaa. Kati yao palikuwa na meza, fomu moja na kalamu. Nyuma ya Rubani Mkuu, ukutani, ubao wa zamu ulijaa vibandiko vya rangi, kila rubani na rangi yake. Cha Bi Kanuni kilikuwa cha kijani, na kwa siku tano mfululizo kilisimama katika safu ya alfajiri. Rubani Mkuu hakuutazama ubao. Alimtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, akaanzia kwenye kola iliyopigwa pasi ikasimama, akaishia machoni, akakawia hapo kuliko kazi ilivyodai.

"Umelala?" aliuliza.

"Swali hilo ni la Rubani Mkuu?"

"La Rubani Mkuu."

"Saa kumi na moja mfululizo, Mkuu."

"Na kama lingekuwa si la Rubani Mkuu?"

Nje, chapa ilinyamaza.

"Lingejibiwa mlango ukiwa umefungwa," alisema Bi Kanuni.

Chapa ikaendelea, kwa masikitiko.

Rubani Mkuu aliisukuma fomu kwa ncha ya kidole. "Soma. Ndivyo ulivyosema?"

Alisoma mara moja tu. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi. "Sivyo. Nilisema nimechoka."

"Yeye ameandika umechoshwa."

"Mkuu, wewe na mimi tumelelewa na lugha moja. Aliyechoshwa hulalamika. Aliyechoka hulala. Mimi nilikwenda kulala."

"Mkurugenzi anataka fomu hii mezani kwake kesho saa nne, kikaoni, wewe ukiwepo, na saini yangu chini yake." Aliinama kidogo, akaishusha sauti, chapa nayo ikashuka. "Nisikilize. Ikibaki hivi, ni kukataa kazi. Baada ya wiki tatu unahamia kiti cha kushoto. Ukapteni. Umeungoja miaka sita."

"Saba."

"Saba. Utapewa mtu mwingine. Na nikiandika uchovu, fomu inatoka humu ndani, inakwenda kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na ratiba yote ya alfajiri itapanguliwa. Mkurugenzi hataki hata kulisikia."

"Ratiba iliyonifikisha hapa? Ipanguliwe."

"Lipo neno la tatu."

Bi Kanuni alilijua kabla hajalisikia. Hakumsaidia kulitamka.

"Tumbo," alisema Rubani Mkuu. "Mpangaji alisikia vibaya, wewe ulikuwa unaumwa tumbo. Halimdhuru mtu. Kiti chako kinabaki, ratiba inabaki, na mimi..."

"Na wewe unabaki."

"Sikusema hivyo."

"Ulikuwa unaelekea huko. Tumbo langu halina kosa, Mkuu. Sitalisingizia."

"Kila mtu husema tumbo! Mimi mwenyewe nimewahi kusema tumbo!"

"Najua. Nilikuletea maji ya moto, nikakukuta unakoroma."

Rubani Mkuu alifumba macho kwa muda wa pumzi moja. Alipoyafumbua, Bi Kanuni alikuwa ameweka mikono yote miwili mezani, viganja juu, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuficha kitu.

"Nitakwambia jambo ambalo halimo kwenye fomu," alisema. "Jana, tulipokuwa tunashuka, mnara wa kuongozea ndege ulituambia twende futi elfu nane. Nikawajibu elfu nane. Sauti yangu mwenyewe, safi kabisa. Mkono wangu ukazungusha kitufe cha kimo, ukaweka elfu sita. Mdomo elfu nane, mkono elfu sita, na mimi katikati nimekaa, naona kila kitu ni sawa."

Hakuna aliyepiga chapa.

"Chini yetu kulikuwa na nini?" aliuliza Rubani Mkuu, na hii haikuwa sauti ya mchumba wala ya ofisi. Ilikuwa sauti ya rubani.

"Ndege nyingine. Futi elfu saba. Kapteni aliiwahi namba, akairudisha, hakusema neno hadi tulipotua. Kisha akaniambia, 'Mwanangu, nenda kalale.' Wakati huo ilikuwa saa tano na nusu. Saa kumi alasiri nilitakiwa niwe hewani tena. Sasa niambie, Mkuu: nikiandika tumbo, nani atajua kwamba ni ratiba iliyotaka kuniua mimi na abiria themanini? Mtanipa dawa ya kuhara, mtampangia mwingine alfajiri ileile."

"Mpenzi wangu..."

Kiti cha katibu muhtasi kililia.

"Rubani," alijisahihisha. "Nakuomba."

"Unaniomba kama nani?"

Alitaka kujibu. Midomo yake ilifunguka, ikakosa cheo cha kutumia, ikafungwa. Walitazamana kama watu wawili waliosimama kila mmoja upande wake wa kioo. Kisha Bi Kanuni akainuka, akavuta koti lake chini likae sawa.

"Kesho utaandika neno moja," alisema. "Sitakuomba uandike langu. Mchumba akishaomba, utakuwa umeandika kwa huruma, na huruma si sababu. Ila kesho hiyohiyo nitajua nimechumbiwa na nani."

Alitoka. Katibu muhtasi alimpisha kwa heshima ambayo siku zote aliwawekea wakurugenzi.

*

Baba yake Bi Kanuni alikuwa fundi mstaafu wa breki za ndege, mjane, mtu aliyeamini kwamba kila kilichoharibika kiliharibiwa na mtu. Alasiri ile alikuwa barazani amefungua pasi ya umeme, skrubu zimepangwa juu ya gazeti kwa ukubwa. Binti alimweleza yote. Mzee hakuinua uso hadi mwisho.

"Nilikwambia," alisema.

"Baba, hujaniambia kitu bado."

"Basi nakwambia sasa, ili kesho niweze kusema nilikwambia. Mimi kijana sina ugomvi naye. Nilimpenda alipokuwa rubani. Lakini mtu akiwekwa kitini juu ya wenzake, masikio yake huhama. Humsikia vizuri aliyemweka, na waliobaki chini huwasikia kama mvua iliyo mbali."

"Hajaandika bado."

"Amekuambia useme tumbo. Hiyo ni kuandika kwa penseli."

Simu ya binti iliita. Alipoona ni nani, aliiweka sikioni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu," ilisema sauti ya mama yake Rubani Mkuu, tamu kama dawa ya kikohozi. "Nasikia kesho unampandisha mwanangu kizimbani."

"Anayepandishwa ni mimi, mama."

"Mwanamke mwenye busara hamwekei mwanamume mtihani mbele ya wakubwa wake. Neno ni neno tu. Mimi nilimwambia mapema: nyumba ikiwa na marubani wawili, nani atakuwa chini kuifungua?"

"Tutakuwa na funguo mbili, mama."

Mama yule alitafuta tusi lenye adabu. Hakulipata. Akaaga.

Mzee aliyesikia yote alikuwa anahangaika na skrubu moja iliyokataa kutoka. "Ukisema nikatae posa, nitakataa," alisema. "Nitakwenda kwao mwenyewe, nitaongea vizuri, hatatukanwa mtu."

"Unataka nimwache?"

"Mimi nimesema hivyo? Miaka thelathini na minne kazi yangu ilikuwa kuhakikisha ndege inaweza kusimama. Isimame wapi, hilo aliamua rubani." Skrubu ikatoka. Aliitazama kwa dharau, akaiweka mahali pake katika mstari. "Unampenda?"

"Sana."

"Ndilo tatizo lenyewe. Ungekuwa humpendi, tungekuwa tumeshamaliza kikao."

*

Mkurugenzi wa Uendeshaji alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kupaza sauti tangu aajiriwe, na watu waliofukuzwa naye walitoka ofisini mwake wakimshukuru, hadi walipofika kwenye ngazi. Alikaa katikati ya meza ndefu. Kulia kwake alikaa Rubani Mkuu, kushoto mpangaji wa zamu, na pembeni katibu muhtasi aliyeandika kumbukumbu za kikao. Bi Kanuni alikaa peke yake upande wa pili.

"Jambo letu ni dogo," alisema Mkurugenzi. "Rubani Mkuu ataisoma fomu, atatia saini, tutarudi kazini. Mkuu?"

Rubani Mkuu hakuigusa fomu. Hakuwa amelala, hilo Bi Kanuni alilisoma katika ndevu za shavuni, ambazo wembe ulikuwa umezipitia upande mmoja tu. Rubani Mkuu akamgeukia mpangaji wa zamu.

"Kaka, juzi Rubani alipokupigia, alisema neno gani?"

"Alisema... amechoshwa."

"Alitamka hivyo? Amechoshwa?"

Mpangaji alimtazama Mkurugenzi, asipate msaada. "Alisema nimechoka. Mimi nikaelewa ndiyo ileile."

"Ulimrudishia neno lake?"

"Vipi?"

"Mnara ukimwambia rubani elfu nane, rubani hasemi 'sawa.' Anarudisha: elfu nane. Kosa likiwepo, linasikika hapohapo. Wewe ulimrudishia? Ulimwambia, 'Rubani, unasema umechoshwa na kazi'?"

"Hapana, Mkuu. Sisi ofisini haturudishiani."

"Naam," alisema Rubani Mkuu. "Nimeligundua hilo tangu nihamie huku."

Alivuta fomu. Akaufuta mstari wa mpangaji kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika *uchovu*, na kando akaongeza siku tano za alfajiri, moja baada ya nyingine, kwa tarehe. Bi Kanuni aliitazama kalamu ikienda. Kisha akalazimika kutazama dirishani, kwa sababu kikao si mahali pa kutazamana namna ile.

"Kabla hujatia saini," alisema Mkurugenzi kwa upole. Alikuwa ameshafungua kitabu cha kanuni. Palikuwa na utepe mahali penyewe. "Ukurasa wa kumi na saba. *Msimamizi hatatia saini shauri lolote la mke, mume au mchumba wake.* Nadhani hapa tumejisahau wote."

"Kifungu hicho kilikuwepo jana uliponipa fomu," alisema Rubani Mkuu. "Hukukitaja."

"Jana sikujua utaandika nini."

Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayetaja saa. Kisha akaendelea: Rubani Mkuu angeweza kuiacha fomu, naye Mkurugenzi angeijaza mwenyewe, kwa neno la kwanza, kukataa zamu. Au angeweza kukiacha kiti, akarudi kwenye urubani wake, na mkuu mpya angeijaza. Kwa neno lilelile, bila shaka. Alikuwa huru kabisa kuchagua.

Bi Kanuni aliuona mkono wa mchumba wake ukipanda hadi kwenye beji ya cheo iliyokuwa kifuani. Aliujua mkono ule. Aliwahi kuuona ukishika usukani, ukishika kikombe, ukishika wake. Alijua pia kwamba usingesita, na kwamba dakika moja baadaye kiti kingekuwa kitupu, na fomu ingebaki mezani kumngoja mtu mwenye masikio yaliyohama. Ukapteni ungekwenda. Hilo angelivumilia. Lakini kesho alfajiri mwingine angekaa katika kiti cha kulia, mdomo ukisema elfu nane.

"Mama," alimwambia katibu muhtasi, "tafadhali andika kwenye kumbukumbu."

"Niandike nini, mwanangu?"

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na dakika kumi na mbili."

"Andika: kuanzia saa nne na dakika kumi na mbili, mimi na Rubani Mkuu si wachumba."

Kalamu ya mama yule ilibaki hewani. "Niandike hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Rubani Mkuu alikuwa amesimama bila kujua amesimama. Beji ilikuwa bado kifuani, nusu imefunguliwa.

"Usifanye hivyo," alisema.

"Nimeshafanya. Nirudishie."

"Tafadhali."

"Ofisini hamrudishiani, nimesikia. Lakini wewe ni rubani. Nirudishie nilichosema, nijue umesikia."

Rubani Mkuu aliiachia beji. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakumwacha hata alipoanza kusema. "Kuanzia saa nne na dakika kumi na mbili," alisema, neno kwa neno, "mimi na wewe si wachumba."

"Sahihi," alisema Bi Kanuni. Sauti haikutetemeka. Akamgeukia Mkurugenzi. "Kifungu kinasema mchumba. Hakisemi aliyekuwa mchumba."

Mkurugenzi alikisoma kifungu tena, kisha akakisoma kwa kidole. Alikuwa mtu wa karatasi maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza karatasi ilimgeuka. "Huu ni mchezo," alisema, bado kwa upole.

"Mchezo ni utepe ule," alisema Rubani Mkuu. Aliketi, akatia saini, akaandika saa: nne na dakika kumi na nne. "Mama, nakala ya mamlaka itoke leo. Uipeleke mwenyewe, tafadhali."

"Naipeleka sasa hivi, Mkuu," alisema katibu muhtasi, na tayari alikuwa mlangoni.

*

Rubani Mkuu alimpata Bi Kanuni kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, pasipo na mlango wa kuachwa wazi.

"Umeniacha mbele ya mwandishi wa kumbukumbu," alisema.

"Ungependa nikuache mbele ya nani?"

"Ningejiuzulu. Uliniona."

"Nilikuona, ndiyo maana nikakuwahi. Ungejiuzulu, ungekuwa shujaa wangu wa siku mbili, na marubani arobaini wangeendelea kuumwa matumbo. Baki kitini. Sasa kina mtu."

Rubani Mkuu alishuka ngazi moja, wakawa sawa kwa kimo. Karibu kiasi hicho Bi Kanuni aliweza kuuona upande wa shavu ambao wembe uliusahau, na mkono wake ukataka kuugusa. Aliukanya. Ukatii kwa shingo upande.

"Niambie ukweli," alisema Rubani Mkuu. "Umeniacha, au ni kwa ajili ya karatasi?"

"Nimekuacha. Kama ningeweza kudanganya kwa ajili ya karatasi, yote haya yasingetokea."

Rubani Mkuu aliyapokea hayo bila kujitetea, na kwa hilo Bi Kanuni alimpenda kuliko alivyompenda asubuhi.

"Mamlaka ina siku thelathini za kuikubali fomu," alisema Rubani Mkuu polepole, kama mtu anayepanga safari. "Ikikubaliwa, haipingwi tena. Kabla ya hapo nitaandika barua kwamba mashauri yako yasainiwe na mtu mwingine, si mimi. Kwa maandishi, mapema, bila utepe. Na siku ya thelathini na moja nitakuja kwa mzee."

"Sijakuahidi kitu."

"Sijaomba ahadi. Nakuarifu ratiba."

"Baba atakuuliza lile tumbo lilitoka wapi."

"Nitamwambia lilitoka kwangu, kwa woga."

"Mama yako je?"

"Mama nitamwambia mimi. Hilo si lako kulibeba."

Bi Kanuni alimtazama kwa muda mrefu, bila haraka, kama anavyotazama ala za ndege kabla ya kuruka, moja moja, hadi aridhike. Kisha akavaa kofia yake.

"Njoo," alisema. "Lakini ufike mlangoni, ubishe hodi, usubiri. Wewe si mkwe tena pale. Ni mgeni."

"Na nikikaribishwa?"

"Hapo ndipo utakapoanza kuomba. Na uombe vizuri. Mara ya kwanza uliniomba kama mtu anayeomba likizo."

Akateremka. Hakugeuka hata mara moja, kwa kuwa alijijua: angegeuka angerudi, na dakika kumi na mbili baada ya saa nne zilikuwa zimeshaandikwa kwa wino.